Kabla Hujashuka Kariakoo Kununua TV

Shemeji yangu wa Tabata alinunua TV ya inchi 65 siku moja kabla ya mechi ya watani wa jadi. Ilifika nyumbani kwa bajaji, imelazwa juu ya kiti cha nyuma na kuchomoza pande zote mbili, mwenyewe kaishika kwa mkono mmoja. Watoto wa mtaa waliipokea kama bibi harusi. Tulipofungua boksi tukakuta miguu ya TV iko mwisho kabisa wa kila upande, na meza ya sebuleni, ile iliyonunuliwa enzi za TV ya chogo, haifikii hata nafasi ya kati ya mguu na mguu. Tukaiegemeza ukutani juu ya godoro. Halafu likaja la pili: kifurushi cha king'amuzi kilikuwa kimeisha wiki nzima, na hela yote ilikuwa imebaki Kariakoo. Mechi tukaenda kuitazama kibanda umiza, tukiwa tumeacha inchi 65 zimelala nyumbani.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue TV gani, namuuliza kwanza atailisha nini. TV hununuliwa mara moja, lakini hula kila mwezi: inakula umeme, inakula kifurushi, na siku hizi inakula intaneti. Chukua kifurushi cha shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 360,000, na kwa miaka mitano ya TV kukaa sebuleni ni 1,800,000. Wengi hubishana na muuzaji nusu saa kwa ajili ya 20,000, kisha hujiunga na kifurushi kikubwa bila hata kusoma orodha ya chaneli zake.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo kaa na daftari jioni moja, uandike nani hapo nyumbani anatazama nini na saa ngapi. Mzee anataka taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mama ana tamthilia zake, kijana ana Ligi Kuu ya England, watoto wanataka katuni za YouTube kutoka asubuhi hadi wasinzie. Andika ukweli, si vile unavyotamani iwe. Kuna nyumba nazijua zinalipia chaneli za filamu ambazo hakuna anayezifungua, kwa kuwa rimoti iko mikononi mwa mtoto wa miaka minne.

Ukimaliza daftari, chukua tepu ya fundi cherehani. Pima kutoka pale macho yatakapokuwa hadi pale kioo kitakapokaa. Inchi za TV hupimwa kona hadi kona, na inchi moja ni sentimita 2.54, hivyo inchi 43 ni kama sentimita 109, na inchi 65 ni 165. Kanuni ninayoifuata mimi ni kukaa mbali kwa kati ya mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu ya kipimo hicho. Inchi 43 inakutaka ukae kama mita 1.6 hadi 2.7. Inchi 65 inaanzia mita mbili na nusu. Sebule ya shemeji, kochi hadi ukuta, ni mita mbili kasoro. Pima pia urefu wa meza, na dukani uulize miguu imeachana kwa sentimita ngapi. Swali hilo huwashangaza wauzaji, lakini lingetuokoa na godoro.

Wapo watakaosema kubwa ni kubwa, na hela nikiwa nayo kwa nini nisichukue. Sababu ni picha yenyewe. TV ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, mara nne ya Full HD. Lakini king'amuzi chako hakikuletei 4K. Chaneli nyingi zinakuja kwa HD, na nyingine kwa ubora wa kawaida tu, ule ule wa zamani. Picha ndogo ukiivuta kwenye kioo kikubwa inakuwa kama picha ya pasipoti iliyokuzwa kuwa bango: sura ya msomaji habari inayeyuka, namba za mgongoni mwa wachezaji hazisomeki. Kwa nyumba inayoishi kwa king'amuzi, na chumba cha ukubwa wa kawaida, inchi 43 yenye Full HD au 4K ya kampuni inayoeleweka inatosha kabisa. Inchi 32 ni ya chumbani, na nyingi za saizi hiyo si Full HD hata kama boksi limeandikwa HD kwa herufi kubwa. Nukta zake mara nyingi ni 1,366 kwa 768. Kwa chumba kimoja hilo si tatizo.

Kuhusu neno smart, usilipe nyongeza kubwa kwa ajili yake. Sehemu ya smart ndiyo inayozeeka mapema. Baada ya miaka michache programu zinaacha kupata masasisho, TV inaanza kuganda, na mwenye nyumba anadhani imekufa, kumbe kioo bado kizima. Wakati huo kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI kinairudishia uhai kwa bei isiyokaribia bei ya TV mpya. Chagua kioo kwanza. Na ukiwa dukani washa hotspot ya simu yako, ufungue YouTube kwenye TV ile ile utakayoondoka nayo. Ikichukua dakika nzima kufunguka ikiwa mpya, mwaka ujao itakuwaje?

Kariakoo kwenyewe kuna mambo yake. Kijana atakayekupokea barabarani kwa tabasamu na kukuambia duka la bosi wake liko ghorofani, mara nyingi hana duka wala bosi. Ni winga. Simlaumu, anatafuta riziki, lakini cha juu chake kimo ndani ya bei utakayotajiwa. Ingia madukani mwenyewe, angalau matatu, uulize bei ya modeli ile ile kwa namba yake, siyo "ile ya inchi 43". Kabla ya kutoa hela, boksi lifunguliwe na TV iwashwe. Linganisha namba ya utambulisho (serial) iliyo mgongoni mwa TV na iliyo kwenye boksi. Soma jina la kampuni herufi kwa herufi, maana kuna majina yanayofanana na ya wakubwa isipokuwa herufi moja.

Nenda na flashi yenye picha mbili: moja nyeupe tupu, moja nyeusi tupu. Nyeupe itakuonyesha madoa na nukta zilizokufa. Nyeusi itakuonyesha taa inayovuja pembeni. Kwa TV ya mtumba kipimo hiki ni cha lazima. Taa za nyuma zikichoka, nyeupe hugeuka samawati au zambarau, na muuzaji atakwambia ni setingi tu. Si setingi. Kioo kikipasuka nacho, usihangaike: bei ya kioo kipya mara nyingi inakaribia bei ya TV. Wanaofikiria kununua Zanzibar kwa sababu bei ni nafuu wakumbuke kuuliza kwanza habari ya tofauti ya ushuru watakapoteremka na boksi bandari ya Dar es Salaam. Malalamiko juu ya ushuru huo ni ya miaka mingi.

Dai risiti ya EFD iliyoandikwa modeli na namba ya TV, kisha uulize waranti inashughulikiwa wapi na haihusu nini. Karibu zote hazihusu kioo kilichopasuka wala kuungua kwa umeme, na hivyo viwili ndivyo vinavyoua TV nyingi mitaani kwetu. Ndiyo maana gadi ya TV, ile ya kuchomeka kati ya soketi na waya, si anasa. Umeme wetu ni volti 230, lakini ukikatika na kurudi ghafla namba hiyo hupanda na kushuka. Wenzetu wa Kagera na mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa, ambako radi hazina mzaha, wakumbuke kuchomoa na waya wa dishi pia. Radi haijui kwamba umeshazima swichi.

Nije kwenye sabufa, maana hapa ndipo Watanzania tunapopigwa tukicheka. Boksi limeandikwa 10,000W PMPO. Geuza spika, tafuta kibandiko cha nyuma, soma inavuta wati ngapi kutoka kwenye soketi. Utakuta 60, labda 80. Kitu kinachovuta wati 60 hakiwezi kutoa wati 10,000 za muziki, hata kikiombewa. PMPO ni namba ya mnyanyuo wa kufumba na kufumbua, na hakuna kanuni moja inayowabana watengenezaji namna ya kuipima. Kila mmoja huandika anachotaka. Namba ya kuaminika ni RMS, yaani wati ambazo spika hutoa mfululizo. Kwa sebule ya kawaida, wati 40 hadi 60 za RMS zitasikika hadi kwa jirani, naye hatafurahi. Kama shida yako ni kutosikia maneno ya watangazaji, jua kwamba sabufa haitakusaidia, kwani yenyewe huongeza mdundo. TV nyembamba zina spika ndogo zinazoangalia chini au nyuma. Ile spika ndefu ya kuweka chini ya kioo ndiyo husafisha sauti za watu.

Umeme nao upigiwe hesabu kabla, hasa kwa waliomo kwenye lile kundi la uniti 75 kwa mwezi, ambalo ukilivuka bei ya uniti inapaa. TV ya inchi 55 yenye kuvuta wati 120, ikiwaka saa sita kwa siku, inakula uniti 21.6 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya robo ya uniti zako zote, kabla ya friji, pasi na taa. Inchi 32 yenye wati 45 kwa saa zile zile inakula 8.1. Sasa angalia kile kisanduku kidogo unachokidharau: king'amuzi chenye wati 12 kikiachwa kinawaka usiku na mchana kinakula uniti 8.6, yaani kuzidi hiyo TV. Kukizima kwa rimoti mara nyingi hakusaidii sana. Kizime ukutani.

Ving'amuzi vimekuwa ndugu zetu tangu usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam na watu wakaamkia TV zenye chenga. Mpaka leo wengi huchagua kwa kuangalia jirani ana kipi. Jirani ana mapenzi yake. Rudi kwenye daftari. Kama nyumba yako ni ya Simba na Yanga, jambo limeshaamuliwa: mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Kama kijana wako hali chakula bila Ligi Kuu ya England, huko ni DStv na chaneli zake za SuperSport. Anayetaka vyote viwili atalipa mara mbili. Hakuna fundi mwenye dawa ya hilo, na anayekwambia anayo anakuuzia kitu kisicho halali kitakachozimwa siku ya fainali. Nyumba inayotaka habari, katuni na tamthilia, bila mpira, itulie ilinganishe vifurushi vidogo vya kampuni zote. Hapo ndipo tofauti za bei zina maana.

Uliza maswali mawili ambayo wakala hayasemi mwenyewe. La kwanza: kifurushi kikiisha, chaneli zipi zinabaki? La pili: nikitaka TV ya chumbani ionyeshe chaneli tofauti na ya sebuleni, nitahitaji nini? Waya wa kugawa utakupa picha ile ile vyumba vyote. Ukitaka chaneli tofauti unahitaji king'amuzi cha pili, na gharama yake ya mwezi ijulikane mapema. Na king'amuzi cha kampuni moja hakifanyi kazi kwa nyingine, hivyo kukinunua ni kama kuoa.

Antena au dishi? Antena ni rahisi kufunga na mvua haiisumbui sana, ila inataka uwe ndani ya eneo la mnara. Ukiwa bondeni au kijiji cha mbali, dishi. Lakini kabla ya dishi toka nje ujue liangalie wapi. Setelaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, wakati Dar es Salaam iko nyuzi 39. Hivyo dishi lake linatazama magharibi, nusu ya njia ya kupanda angani. Ya DStv iko nyuzi 36, karibu juu ya utosi wetu. Maana yake kwa vitendo ni hii: mwembe ulio magharibi ya nyumba, au ghorofa ambalo jirani anapandisha upande huo, litakunyima Azam huku DStv ikiendelea. Mwembe mdogo wa leo utakuwa mkubwa baada ya misimu mitatu. Mwambie fundi aliweke dishi mahali penye anga wazi kuelekea jua linapozama, na mahali mkono wa mtu mzima utafika bila kupanda bati.

Mvua kubwa hukata picha kwa sababu mawimbi yanayotumika hunyonywa na matone. Dishi kubwa kidogo na lililonyooshwa vizuri huvumilia zaidi. Fundi akimaliza, asiondoke kwa sababu picha imetokea. Fungua kwenye menyu ya king'amuzi ukurasa wa nguvu na ubora wa mawimbi, andika namba zote mbili kwenye daftari. Masika ikianza kukusumbua utajua kama dishi limesogea au ni wingu tu, na hutalipa ufundi wa bure.

Sasa intaneti, ambayo ndiyo inageuka kuwa mlo mkubwa kuliko yote. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya video yao hula hadi GB 1 kwa ubora wa kawaida, hadi 3 kwa HD na hadi 7 kwa 4K. Chukua watoto wa likizo, saa tatu kwa siku kwa HD: GB 270 kwa mwezi. Hakuna bando la simu la mtu wa kawaida linalohimili hilo. Nyumba yenye saa tatu za video kila siku inahitaji huduma isiyo na kikomo, ama ishushe ubora hadi 480p, ambao kwa inchi 32 na katuni hakuna atakayelalamika. Zima pia masasisho ya TV yanayojipakua yenyewe na video zinazojifuatanisha. Hayo huramba bando wakati umelala.

Kasi nayo huuzwa kama PMPO. Namba ya Mbps ni megabiti, na biti nane ndizo zinazofanya baiti moja, hivyo laini ya 20 Mbps inapakua megabaiti 2.5 tu kwa sekunde. Usishtuke, inatosha. Video ya HD kamili inataka kama 5 Mbps, ya 4K kama 15. Familia ya watu watano, TV moja na simu nne, inaishi vizuri na 20 ikiwa ni 20 ya kweli saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Hapo ndipo pa kupima. Kama unafikiria ruta ya laini ya 4G au 5G, weka laini ya kampuni hiyo kwenye simu, simama pale ruta itakapokaa, upime kasi saa mbili na tena saa nne usiku, siku tatu. Kipimo cha saa nne asubuhi cha wakala ni cha wakala.

Palipo na faiba, mimi nachukua faiba. Haiyumbi kama laini ya hewani. Lakini uliza: mkataba ni wa miezi mingapi, ruta ni ya nani siku ukiondoka, na ukihama nyumba watakuhamisha kwa kiasi gani? Mpangaji amwombe mwenye nyumba kabla ukuta haujatobolewa. Ukisikia "bila kikomo", uliza baada ya GB ngapi kasi inapunguzwa, na inapunguzwa hadi ngapi. Wakisita kujibu, umeshajibiwa. Wanaovutiwa na intaneti ya setelaiti ya Starlink, ambayo majirani zetu wa Kenya wamekuwa nayo tangu 2023, wasinunue kifaa kilichosajiliwa ng'ambo ya mpaka. Kampuni inaweza kukizima wakati wowote.

Ruta isifichwe nyuma ya TV wala ndani ya kabati. Iweke katikati ya nyumba, juu. Ukuta wa tofali za saruji hula Wi-Fi, hasa ile ya 5 GHz yenye kasi, ya 2.4 GHz hupenya mbali zaidi kwa kasi ndogo. Umeme ukikatika ruta nayo huzima hata kama mtandao upo, na dawa yake ni betri ndogo, mara nyingi ya volti 12, inayokaa kati ya ruta na chaja. Soma kwanza volti na ampea zilizoandikwa kwenye chaja. Hata hivyo baki na bando dogo la mtandao mwingine kwenye simu. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kwa pamoja, Afrika Mashariki karibu yote iliyumba, wenye faiba na wasio nayo.

Laini ya ruta inasajiliwa kwa kidole chako. Wakala akikwambia kidole hakijasoma, weka tena, na tena, lakini ukifika nyumbani piga *106# uone laini ngapi ziko chini ya namba yako ya NIDA. Usiyoijua ifutwe. Huduma ikisumbua, lalamika kwanza kwa kampuni, uandike tarehe na namba ya lalamiko. Ukifika kwa TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, watakuuliza hivyo.

Shemeji aliiuza inchi 65 kwa hasara, akachukua 43 na kubakiwa na kifurushi cha miezi minne. AFCON ya 2027 inakuja, Tanzania, Kenya na Uganda tukiwa wenyeji, na Kariakoo itafurika. Usingoje wiki ya ufunguzi. TV ikishafika nyumbani, isimame wima njia nzima, na boksi lake usilitupe wala usiwape watoto. Likunje pamoja na yale mapovu ya kukingia kioo, uliweke juu ya kabati: utalihitaji siku ya kudai waranti, na utalihitaji siku ya kuhama.